Thairoglobulini: historia ndefu ya namba ndogo

Mtu aliyeugua saratani ya tezi ya shingo na kuondolewa tezi yote hupimwa damu mara kwa mara, kwa miaka mingi, kutafuta protini iitwayo thairoglobulini. Majibu huja kwa namba moja, nayo familia huipokea kama matokeo ya mtihani: kapita au kafeli. Namba hii haisomwi hivyo, na sababu zake zimo katika historia ya kipimo chenyewe, historia ambayo kipande chake kimoja kiko jirani kabisa na sisi wa Kigali.

Ziwani Kivu, upande wa Kongo, kuna kisiwa cha Idjwi. Katika miaka ya 1960 daktari Mbelgiji François Delange na wenzake walikichunguza kwa sababu ya rovu, ule uvimbe wa tezi mbele ya shingo. Iodini, yaani madini joto, ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilienea zaidi kaskazini kuliko kusini-magharibi. Uchunguzi uliwafikisha kwenye muhogo: kemikali zake huizuia tezi kunasa hata ile iodini kidogo iliyopo. Wanakisiwa wale waliipa tiba ya dunia somo kubwa, na ni haki watajwe kila historia ya tezi inaposimuliwa.

Rovu linahusikaje na saratani? Thairoglobulini ndiyo ghala la tezi. Humo iodini hufungwa na homoni kutengenezwa. Tezi inayohangaika kwa kukosa iodini humwaga protini hiyo kwa wingi kwenye damu. Kwa hiyo, kwa mtu ambaye tezi yake ipo, namba kubwa inaweza kuwa rovu tu. Katika nchi zetu za milima, kuitumia kugundua saratani kungewatia watu wengi hofu ya bure. Tezi ikishaondolewa mambo hugeuka, kwa kuwa hakuna kiungo kingine kinachoitengeneza. Ikionekana, chembe za tezi zimebaki mahali fulani.

Lakini kitu kidogo kiasi hicho, kinachohesabiwa kwa nanogramu, kilihitaji mbinu ya kukipima. Mbinu ilitoka hospitali moja ya maveterani huko Bronx, New York, ambako mwanafizikia Rosalyn Yalow na daktari Solomon Berson, mwishoni mwa miaka ya 1950, walipima insulini kwa kutumia kingamwili na mionzi. Walikataa kuiwekea hataza, uamuzi ninaouheshimu sana. Berson alifariki mwaka 1972. Yalow akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1977.

Mwaka 1973 mtafiti Andre Van Herle na wenzake, huko California, walitangaza kipimo cha thairoglobulini kwa mbinu hiyo hiyo. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba protini hiyo hupanda kwa wagonjwa ambao saratani ya tezi imesambaa. (Aina iitwayo medula haimo humu, hiyo hufuatiliwa kwa homoni iitwayo kalisitonini.)

Kikwazo kimoja cha kipimo hiki kilikuwa kimeshajulikana. Mwaka 1956, London, watafiti Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao waligundua kwamba baadhi ya watu wana kingamwili zinazoishambulia thairoglobulini yao wenyewe. Kingamwili hizo huvuruga vipimo vingi vya leo na kuifanya namba ionekane ndogo kuliko ilivyo. Mgonjwa hushangilia sifuri isiyo ya kweli. Ndiyo maana kingamwili hupimwa katika sampuli ile ile.

Rwanda ya leo ina kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012, na tiba ya mionzi katika Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe, hapa Kigali. Watu wanapona na kuishi, nao wanaoishi wanahitaji kufuatiliwa. Maabara mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu moja. Anayepimwa Kigali leo na Nairobi mwakani asishtuke kabla daktari hajajua mashine zilizotumika. Ni bora kubaki na maabara moja, kutunza karatasi zote na kuuliza kiwango cha TSH, homoni inayoichochea tezi, kilikuwa kiasi gani siku ile, maana TSH ikipanda huzichochea chembe zilizobaki na thairoglobulini hupanda nayo. Namba ikiongezeka kipimo baada ya kipimo, hata kama bado ni ndogo, daktari huagiza ultrasaundi ya shingo.