Gemu au kazi? Safari ya prosesa tangu mbio za gigahezi

Nilipotea kidogo, kazi zilinibana. Wiki hii mimi na mdogo wangu tunabishana kuhusu prosesa. Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani: mchana mimi naandika programu, jioni yeye anahariri video za harusi (hizo ndizo hulipa kodi ya nyumba), na usiku ni gemu. Tumeweka akiba mwaka mzima na pesa zinatosha prosesa moja tu. Yeye anataka ile ya gemu. Kabla sijakubali nikaona nirudi nyuma kidogo, maana ubishi huu haukuanza kwetu.

Zamani swali lenyewe halikuwepo. Prosesa yenye kasi ilikuwa na kasi kwa kila kitu, basi. Machi 2000 AMD iliifikisha Athlon kwenye gigahezi 1, na siku mbili baadaye Intel ikajibu na Pentium III. Novemba mwaka huo huo ikaja Pentium 4, iliyoundwa ili namba hiyo izidi kupanda. Ujanja wake ulikuwa kuikata kila amri katika hatua ndogo ndogo, 20 kwa jumla, na katika toleo la 2004 zikafika 31. Hatua ikiwa fupi, mapigo yanaweza kwenda haraka zaidi. Shida ni kwamba prosesa hubahatisha njia ambayo programu itafuata, na ikikosea, kazi yote iliyo njiani inatupwa. Athlon 64 ya 2003, yenye gigahezi chache, iliishinda kwenye gemu nyingi. Tena yenyewe ilikuwa imehamishia kidhibiti cha kumbukumbu ndani ya prosesa, hivyo data ilifika mapema. Pentium 4 iliishia gigahezi 3.8, ile ya 4 ilifutwa Oktoba 2004. Joto, jamani.

Baada ya hapo njia ikawa kuongeza viini, yaani kuweka prosesa kadhaa ndani ya moja, na hapo ndipo gemu na kazi zilipoachana. Mnunuzi wa 2008 alichagua kati ya Core 2 Duo E8400, viini 2 vya gigahezi 3, na Core 2 Quad Q6600, viini 4 vya gigahezi 2.4. Gemu nyingi za wakati huo hazikujua kuvitumia viini vinne. Video ilijua: unagawa kazi mafungu, kila kiini kinachukua lake. Waliosema Quad ni kutupa pesa walikuwa sahihi kwa muda, kisha gemu zikaanza kutaka viini vinne.

AMD nayo ilileta FX-8150 ya "viini 8" mwaka 2011, ila kila viwili viligawana kitengo cha hesabu za desimali. Kesi ikafunguliwa Marekani, na 2019 AMD ikakubali kulipa dola milioni 12.1. Ilijikomboa 2017 na Ryzen 7 1800X: viini 8 vya kweli kwa dola 499, wakati Intel ikiuza vyake 8 kwa zaidi ya dola 1,000. Hata hivyo kwenye gemu Core i7-7700K ya viini 4 ilikuwa bado mbele.

Kisha Aprili 2022, kwangu hii ndiyo hatua tamu kuliko zote, ikaja 5800X3D. AMD ilibandika tabaka la kache juu ya prosesa, jumla megabaiti 96. Mapigo yalishushwa, kwa hiyo kwenye kazi nyingi ilibaki nyuma kidogo ya 5800X ya kawaida. Kwenye gemu ikaruka. Gemu huomba data ovyo ovyo kila sekunde, na kila safari ya kwenda RAM ni kusubiri. Ni somo lile lile la Athlon 64.

Sasa turudi nyumbani. Kwa pesa zetu tunapata viini 8 vyenye kache ya ziada, au 12 bila hiyo kache. Juzi nilifanya jaribio rahisi: nikashusha ubora wa picha kwenye gemu, na fremu zikapanda sana. Maana yake kinachotuchelewesha ni kadi ya picha, ya zamani kweli kweli, wala si prosesa. Kache hiyo yote ingekaa ikiisubiri kadi.

Tunachukua 12. Mdogo wangu amenuna, lakini harusi ya Jumamosi ina saa sita za video, na mwenye kuzihariri ni yeye.