Simu na Vita Dhidi ya Sigara Budalang'i

Mwaka 2007 Kenya ilipata Sheria ya Kudhibiti Tumbaku, na M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ikazinduliwa. Sheria ilipiga marufuku kuvuta hadharani na kuuza sigara mojamoja, lakini katazo peke yake halimtoi mtu kwenye uraibu. Simu, iliyomfikia hata mvuvi wa Budalang'i katika Kaunti ya Busia, inaweza kumsindikiza anayetaka kuacha. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2011 ulithibitisha hilo: asilimia 10.7 ya waliotumiwa jumbe za kuwahimiza waliacha kwa miezi sita, dhidi ya asilimia 4.9 ya wenzao wasiotumiwa jumbe hizo. Wapo watakaosema wengi hawana simu janja. Lakini ujumbe mfupi husomeka hata kwenye kabambe, simu ya kawaida isiyo janja. Wengine watataja magendo ya sigara kwenye mpaka na Uganda, Busia na Malaba. Hoja hiyo ina uzito, ila Uganda nayo ilitunga sheria yake ya kudhibiti tumbaku 2015. Kaunti ya Busia ianzishe jumbe hizo, na zahanati ziwapokee wanaotaka kuacha.