Sakafu inayopashwa moto ndani ya jokofu

Wadau, kwetu Mitole, Kilwa, samaki wa pwani alihifadhiwa kwa chumvi, jua na moshi. Ughandishaji ni historia ya juzi: mwaka 1882 meli Dunedin ilifikisha London nyama iliyogandishwa kutoka New Zealand.

Maghala ya baridi yalipoenea, tatizo likatokea chini. Chumba cha nyuzi 18 chini ya sifuri kikikaa juu ya udongo, baridi hupenya taratibu kwa miaka, maji ya ardhini huganda, sakafu huinuka na kupasuka. Dawa: kupasha moto chini ya sakafu, kwa mabomba au nyaya.

Mwaka 2023 Rais Samia aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi Kilwa Masoko. Naomba tuulize: chini ya vyumba vya baridi kumewekwa nini? Joto letu la pwani halitoshi.