Hesabu ya Kazi: Habari za Mpango wa Mbere

Wazee wetu wa Meru na Embu, na wanachama wote: kabla hamjafungua ukurasa wa fedha, twaomba ruhusa kuwakumbusha jambo lililotendeka katika nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1966 wataalamu na watumishi wa Serikali walikutana Kericho kushauriana juu ya elimu, ajira na maendeleo ya mashambani. Kutokana na mashauri hayo ulizaliwa Mpango Maalum wa Maendeleo ya Mashambani, uliojaribiwa katika sehemu sita: Mbere, Tetu, Vihiga, Migori, Kapenguria na Kwale.

Hapo Mbere, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Robert Chambers na Deryke Belshaw wa Chuo Kikuu cha Nairobi walijaribu utaratibu usio na maajabu. Mara moja kwa mwaka maofisa wa kilimo, wa maji, wa barabara na wenzao waliketi pamoja. Kila mmoja akataja kazi yake, wakati wa kuianza na wa kuimaliza, ikaandikwa mbele ya wenzake. Kisha kila mwezi walikutana kuulizana: lipi limefanyika, lipi limekwama, na ni nani wa kulikwamua? Taarifa fupi ilipelekwa wilayani, mkoani na Nairobi kwa wakati mmoja. Twadhani ukali wake ulikuwa hapo, maana barua iliyolala katika saraka ya mkubwa ilianza kuonekana na wote, kama jembe lililolala shambani.

Lakini kumaliza kazi si kufaidi watu. Mwaka 1969 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilitengenezewa jedwali la ngazi nne: vitu vinavyotolewa, kazi inayotokea, kusudi linalotimizwa, na neema inayotazamiwa. Pembeni huandikwa mambo yaliyo nje ya uwezo wa mpango. Mtu wa Mbere hahitaji kufundishwa hilo la mwisho: mbegu hugawiwa, mvua ikakataa. Mpango wenyewe ulipimwa mara mbili na Chuo Kikuu, mwaka 1972 na 1975.

Sisi nasi tulichangia tangi la maji la shule. Likajengwa, tukapiga picha, tukaandika "limekamilika". Hakuna aliyetumwa kuuliza kama watoto wameacha kwenda mtoni alfajiri. Kwa hiyo safari hii mtaona safu mbili mpya kando ya shilingi: kusudi la kila mchango, na jina la atakayekwenda kutazama, pamoja na mwezi wake. Mbele ya tangi, safu hiyo ya pili ingali tupu.