Mwenye Nyayo Laini: Asili ya Vyeo vya Skauti



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, mtoto mmoja mwenye skafu ya skauti alituuliza maana ya jina "Kabu". Amekuwa akiitwa hivyo mwaka mzima. Jibu kamili hatukuwa nalo papo hapo, nasi tumeona vema kulitoa kwenu nyote, kwa kuwa wazazi wengi huwanunulia watoto sare pasipo kujua vyeo vyao vina maana gani.

Robert Baden-Powell, askari Mwingereza, alipiga kambi na wavulana katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake cha skauti. (Kaburi lake liko jirani, Nyeri nchini Kenya, alifariki mwaka 1941.) Cheo cha mwanzo alikiita kwa Kiingereza "tenderfoot", yaani mwenye nyayo laini. Ndivyo walivyoitwa wageni waliofika magharibi ya Marekani pasipo kuzoea taabu za nchi ile. Juu yake aliweka Daraja la Pili na Daraja la Kwanza, na mwaka 1909 akaongeza Skauti wa Mfalme.

Kabu walikuja mwaka 1916. Jina hilo ni la mtoto wa mbwa mwitu, kutokana na hadithi za msituni za Rudyard Kipling. Kwa kuwa mtoto huyo huzaliwa akiwa amefumba macho, kila nyota aliyopewa Kabu kwa kofia yake ilihesabiwa kuwa jicho moja lililofumbuka. Mfano huo twaupenda. Lakini mbwa mwitu! Katika Injili ndiye anayewatawanya kondoo. Wenzetu wa Kenya wamechagua majina mengine: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri. Sungura wa hadithi za bibi zetu ni mdogo mwenye akili kuwashinda wakubwa. Na mwamba, ni nani hapa Mwanza atakayehitaji kufafanuliwa, naye kila siku analiona jiwe la Bismarck limesimama majini?

Lililotugusa zaidi ni masharti ya Daraja la Kwanza katika miaka ile ya mwanzo. Kijana alipaswa kuogelea yadi 50. Baada ya MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, hakuna mzazi wa kando ya Ziwa Victoria atakayeliona sharti hilo kuwa mchezo. Alipaswa pia kwenda peke yake, kwa miguu au kwa kupiga makasia, hadi mahali palipo umbali wa maili 7, kisha arudi. Tena alipaswa kumleta mwenye nyayo laini aliyemfundisha yeye mwenyewe. 

Wasukuma walilijua jambo hilo kabla ya skafu kufika. Vijana wa kijiji, basumba, walikuwa na kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale, yaani kijana mkuu. Ndiye aliyewaita wenzake kwenda kulima kwa pamoja shamba la aliyehitaji msaada. Ukuu wake ulionekana katika kundi alilolitoa nyumbani asubuhi likiwa na majembe.

Tunakiri kwamba hapa parokiani tumewahi kugawa beji kwa mkupuo siku ya sherehe, mgeni rasmi akisubiri, pasipo kumwuliza kijana hata mmoja amemfundisha nani. Picha zilipendeza. Miezi michache baadaye watoto wadogo walianza kupungua, nasi tukadhani wamechoshwa na gwaride.

Juma hili tumezungumza na viongozi wa skauti wetu. Mwaka huu kila anayetaka Daraja la Kwanza atakuja na mtoto wake mkononi. Yule Kabu aliyetuuliza amekwisha kupata wa kumfundisha mafundo manne. Sasa anataka kujua kama mdogo wake wa miaka mitano naye anaweza kuhesabiwa.