Zamu ya Kusema: Simu ya Upepo ya Mkononi na Adabu Iliyozaliwa Nayo

Simu ya upepo ya mkononi, ambayo askari, walinzi na waongozaji wa watalii wa Afrika Mashariki huiita pia redio koli, ni miongoni mwa vyombo vichache vya mawasiliano vinavyomlazimisha mtumiaji kuchagua kati ya kusema na kusikia. Chombo hiki hakiwezi kurusha sauti na kuipokea kwa wakati mmoja, na kwa hiyo anayebonyeza kitufe cha kusemea huwa amejiziba masikio mwenyewe, na wenzake wote waliomo katika chaneli hiyo hawana nafasi ya kumjibu mpaka atakapokiachia. Kutokana na ukomo huo mmoja ilizaliwa adabu nzima ya usemi, yenye maneno yake, mpangilio wake na makatazo yake, ambayo leo hufundishwa kwa haraka kana kwamba ni utaratibu wa kiofisi tu, ilhali sehemu kubwa ya adabu hiyo ilipatikana kwa gharama ya maisha ya watu.

Chombo chenyewe kilianzia porini kabla ya kufika vitani. Mnamo mwaka 1937 Donald Hings, mzaliwa wa Uingereza aliyekulia Kanada, akiwa mwajiriwa wa kampuni ya madini magharibi mwa nchi hiyo, aliunda redio ya kubebeka kwa ajili ya marubani waliokuwa wakiruka juu ya misitu isiyo na barabara wala nyaya za simu, ili ndege ikilazimika kutua mahali pasipo watu, waliomo wapate njia ya kuita. Mwaka uliofuata kijana wa Kimarekani, Alfred Gross wa mjini Cleveland, alitengeneza redio yake iliyokuwa ndogo kiasi cha kushikwa mkononi. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoyafanya mawazo ya namna hiyo kuwa bidhaa ya kiwandani: kampuni ya Galvin ya Chicago, iliyobadili jina mwaka 1947 na kuitwa Motorola, ililitengenezea jeshi la Marekani redio ya mkononi iliyojulikana kama SCR-536, yenye uzito wa kilo 2 na zaidi kidogo, ambayo iliwashwa kwa kuivuta antena yake nje na kuzimwa kwa kuisukuma ndani. Ndani yake mlikuwa na vali, yaani vichupa vya kioo vilivyotolewa hewa ambavyo vilikuza umeme kabla ya kuvumbuliwa transista, na umbali wake juu ya nchi kavu haukuzidi sana kilomita moja na nusu.

Kampuni hiyohiyo ilitengeneza pia SCR-300, redio ya kubebwa mgongoni yenye uzito unaokaribia kilo 16, iliyotumia mbinu ya mhandisi Edwin Armstrong ya kupakia sauti kwenye wimbi kwa kubadili wepesi wa mitetemo yake badala ya kubadili nguvu zake. Mbinu hiyo, inayojulikana kwa herufi za FM, ilipunguza mno mikwaruzo iliyoletwa na radi na injini za magari, na ndiyo inayotumiwa mpaka leo na redio nyingi za mkononi zisizo za kidijitali. Ina tabia moja, hata hivyo, ambayo kila mtumiaji anapaswa kuifahamu: watu wawili wakisema kwa pamoja, kipokezi hushika wimbi lenye nguvu zaidi na kulinyamazisha jingine, na yule aliyenyamazishwa huendelea kusema akiamini kwamba anasikilizwa.

Maneno yanayotumika katika redio yana historia ndefu kuliko ya chombo chenyewe, kwa sababu baadhi yake yalirithiwa kutoka enzi ya simu ya maandishi, iliyopeleka habari kwa milio mifupi na mirefu. Waendeshaji wa mitambo hiyo walituma herufi R peke yake kumaanisha kwamba ujumbe umepokelewa, na majeshi ya Marekani na Uingereza yalipohamia kwenye sauti, herufi hiyo ilitamkwa kwa jina lililoiwakilisha katika alfabeti yao ya miaka ya 1940, yaani Roger. Alfabeti hiyo ilikwisha kuachwa, na katika alfabeti mpya ya kimataifa iliyoanza kutumika Machi 1956 herufi R huitwa Romeo, lakini askari wa doria anayejibu "roja" hivi leo bado anatamka mabaki ya alfabeti iliyokufa. Neno hilo, ikumbukwe, halina maana ya "ndiyo" wala ya "nimekubali". Maana yake ni kwamba maneno yamefika, na wapo wengi wanaolitumia kwa maana isiyo yake, hali inayoweza kumfanya kiongozi aamini kwamba amri inatekelezwa wakati imesikika tu.

Wito wa hatari nao una asili inayojulikana. Katika miaka ya 1920 Frederick Mockford, afisa wa redio katika uwanja wa ndege wa Croydon karibu na London, alitakiwa kutafuta neno ambalo marubani na watu wa ardhini wangelielewa papo hapo, na kwa kuwa safari nyingi za wakati huo zilikuwa kati ya Croydon na uwanja wa Le Bourget wa Paris, alichagua neno "mayday", ambalo matamshi yake yanakaribiana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "kunisaidia". Ishara ya zamani ya SOS ilifaa kwa milio, lakini herufi S ikitamkwa kwa sauti hafifu ya redio hupotea kwa urahisi katika mvumo. Neno jipya lilithibitishwa na mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliofanyika Washington mwaka 1927, na hutamkwa mara tatu ili lisichanganywe na mazungumzo ya kawaida. Alfabeti ya mwaka 1956, iliyotayarishwa kwa msaada wa mwanaisimu Jean-Paul Vinay wa Chuo Kikuu cha Montréal, ilifuata fikra hiyohiyo: maneno yake yalijaribiwa kwa wasemaji wa lugha mbalimbali, na Alfa iliandikwa kwa herufi f ili asiyejua tahajia ya Kiingereza asikosee kuitamka. Tarakimu nazo zilirekebishwa, hasa ile ya 9, ambayo kwa Kiingereza iliongezewa silabi kwa sababu ilikuwa ikichanganywa na 5.

Uzito wa tahadhari hizo ulionekana tarehe 27 Machi 1977 katika uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Ndege mbili kubwa, ya KLM na ya Pan Am, zilikuwa katika njia moja ya kurukia wakati ukungu umetanda, na rubani wa KLM alitoa kauli yenye utata iliyoweza kueleweka kwamba yupo tayari kuruka au kwamba anaruka. Mwongozaji wa ndege alijibu kwa neno la kukubali, kisha akamwambia asubiri. Wakati huohuo wenzao wa Pan Am wakatangaza kwamba bado wamo njiani, na sauti hizo mbili zilipogongana, chumba cha marubani wa KLM kilipata mluzi badala ya maneno, kwa kuwa redio za ndege hutumia mbinu ya zamani ambayo mawimbi mawili hayafichani bali huvurugana. Watu 583 walikufa. Tangu hapo istilahi ya kuruka hutamkwa tu wakati ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa, na anayepokea maagizo muhimu huyarudia mwenyewe badala ya kujibu kwa neno moja. Kanuni hiyo ya kurudia ni ya thamani ileile kwa mlinzi wa ghala na kwa mwongozaji wa winchi ya bandarini, ingawa vyombo vyao ni vidogo na anga si lao.

Upande wa pili wa historia hii unahusu mahali ambapo mawimbi hayafiki. Mawimbi ya redio za mkononi husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na mwamba, zege na chuma huyapunguza au kuyazuia kabisa. Katika moto wa kituo cha reli ya chini ya ardhi cha King's Cross, London, Novemba 1987, ambao uliua watu 31, askari polisi alilazimika kupanda hadi juu ili aite zimamoto, kwani redio yake haikufanya kazi huko chini. Dawa ya kawaida ya tatizo hilo ni kuweka kituo cha kurudia, yaani mtambo unaopokea sauti hafifu ya redio ya mkononi na kuirusha upya kwa nguvu zaidi kutoka mahali pazuri.

Majengo pacha ya New York yalikuwa na mtambo kama huo, uliowekwa baada ya shambulio la bomu la mwaka 1993. Asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001 wakuu wa zimamoto waliujaribu wakiwa katika ukumbi wa chini wa mnara wa kaskazini, lakini kimoja kati ya vitufe viwili vilivyohitajika hakikuwa kimebonyezwa, wakahitimisha kwamba mtambo ni mbovu na wakahamia chaneli nyingine. Katika mnara wa kusini chaneli ya mtambo huohuo ilitumika. Mnara wa kusini ulipoanguka, amri ya kuondoka katika ule wa kaskazini ilitolewa kwa redio, na wapo walioisikia, wapo waliokuwa katika chaneli nyingine, na wapo ambao haikuwafikia hata kidogo. Wazimamoto 343 walipoteza maisha siku hiyo, na haiwezi kudaiwa kwamba redio pekee ndizo zilizowaponza. Hata hivyo, jaribio lililofanywa kwa haraka na kuamuliwa bila kurudiwa limebaki kuwa funzo zito kwa kila kikosi kinachosema "redio zimejaribiwa" kwa sababu tu zimewaka.

Kwa watumiaji wa Kiswahili, adabu hii ina matatizo ya pekee ambayo vitabu vya mafunzo vilivyotungwa kwa Kiingereza haviwezi kuyataja. La kwanza na la hatari zaidi linatokana na sarufi. Redio huchukua sehemu ya sekunde kuanza kurusha baada ya kitufe kubonyezwa, na kupitia kituo cha kurudia muda huo huongezeka, hivyo anayesema papo hapo hupoteza silabi ya kwanza; na Kiswahili huweka ukanushi mwanzoni mwa kitenzi. "Hawapo" ikikatwa kichwa huwa "wapo," "hatupo" huwa "tupo," na "hayupo" huwa "yupo," kila moja ikiwa sentensi kamili isiyoacha dalili yoyote kwamba kuna kitu kimepotea. Hii ndiyo sababu ya msingi ya kubonyeza kwanza, kusubiri kidogo, kisha kuanza kwa jina la anayeitwa na kufuatisha jina la anayeita, kwani jina likikatwa litaulizwa tena, wakati ukanushi ukikatwa utaaminiwa.

La pili ni namba. Maneno sita na tisa yamejengwa kwa konsonanti na irabu zilezile, konsonanti zikiwa zimebadilishana nafasi, na katika upepo wa mlimani au kelele za mashine sikio haliwezi kuyatofautisha kwa uhakika. Kutaja tarakimu moja moja na kuzirudia mara mbili hakutoshi ikiwa msikilizaji naye hazirudishi. La tatu ni saa. Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, hivyo saa mbili asubuhi ni 2:00 kwake na 8:00 kwa saa ya kimataifa, na katika vikosi vyenye wageni na wenyeji, kama vile misafara ya Kilimanjaro, neno "saa mbili" lisilofafanuliwa huweza kuwatenganisha watu kwa saa sita nzima. La nne ni salamu. Utamaduni wa pwani na bara huona ni utovu wa heshima kumwendea mtu kwa shida bila kumjulia hali, na si ajabu kusikia chaneli ya kazi ikijaa habari za asubuhi na za nyumbani wakati mwenye dharura anasubiri nafasi. Lakini utamaduni huohuo una desturi ya hodi, ambayo kwayo mgeni husimama nje, huita, na husubiri aambiwe "karibu" kabla ya kuvuka kizingiti, na desturi hiyo inalingana mno na kanuni ya redio ya kusikiliza kwanza kama chaneli iko wazi, kuita, na kungoja jibu kabla ya kutoa ujumbe. Anayefundisha vijana redio kwa mfano wa hodi hana haja ya maelezo marefu.

Imebaki hatari moja isiyohusu maneno. Tarehe 14 Oktoba 1913 mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Senghenydd, Wales, uliua wachimbaji 439, na miongoni mwa mambo yaliyoshukiwa ni cheche ya mfumo wa kengele za umeme zilizotumika kupeleka ishara mgodini. Utafiti uliochochewa na maafa ya aina hiyo ulizaa kanuni kwamba kifaa cha umeme kiundwe kwa namna ambayo hata kikiharibika cheche yake haitakuwa na nguvu ya kuwasha gesi, na redio za mkononi zinazoruhusiwa katika maghala ya mafuta na migodi yenye gesi hujengwa kwa kanuni hiyo na kupewa alama maalumu. Alama hiyo hupoteza maana redio ikipachikwa betri ambayo haikuidhinishwa pamoja nayo, au betri ikibadilishwa humohumo ndani ya eneo la hatari. Katika machimbo yanayotumia viwashio vya umeme vya baruti, mawimbi yenyewe ndiyo tishio, kwa sababu nyaya za viwashio huweza kuyanasa kama antena na kuwashwa nayo kabla ya wakati. Huko redio zilizo karibu huzimwa kabla nyaya hazijaunganishwa, na onyo la mwisho kwa walio jirani hutolewa kwa king'ora.