Desimali ngapi zinatosha? Safu za namba katika ramani za Kolwezi

Katika Lualaba, tarakimu moja nyuma ya mkato inaweza kuamua kama shimo liko ndani ya mpaka wa kampuni ao nje yake. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inagawa nchi katika kare. Kila upande wa kare ni sekunde 30, na eneo lake linahesabiwa hekta 84,955. Makreseri nao wanaruhusiwa kuchimba tu ndani ya maeneo yaliyotengwa kwa ajili yao. Kwa hiyo, mwenye kuchora ramani anashika mambo ya watu.

Sasa, sekunde 30 ukizigeuza kuwa digrii zinakuwa 0,008333… na hizo 3 haziishi. Lazima mtu akate mahali fulani. Akate wapi?

Programu ya ramani inauliza jambo hilo pale unapotengeneza safu mpya ya namba: jumla ya tarakimu ni ngapi, na ngapi kati yake ni za nyuma ya mkato. Hapa kuna mtego unaoshika wengi. ArcGIS ya Kifaransa inaita jumla «Précision», na desimali «Échelle». QGIS inaita jumla «Longueur», halafu neno «Précision» inalitumia kwa desimali! Neno ni lile lile, kazi si ile ile. Mtu aliyezoea moja akihamia ingine bila kuangalia, anaharibu safu nzima.

Tuseme latitudo ni 10°43′ Kusini, karibu na mji wa Kolwezi. Kwa desimali ni −10,716667: tarakimu nane, sita zikiwa nyuma ya mkato. Safu ikipewa desimali mbili tu, inaandika −10,72. Ukichora upya kwa namba hiyo, nukta imehama kusini karibu mita 370, zaidi ya theluthi ya upande wa kare. Desimali tatu zinaenda kwa hatua za mita 110 hivi, nne mita 11, tano mita moja. Katika mtaa kama Kasulo, ambako mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za watu, hatua moja ya mita 110 inaruka parseli kadhaa. Desimali sita zinatosha; kumi hazisaidii kitu, maana GPS ya mkononi yenyewe inakosea mita kadhaa.

Katika shapefile, alama ya kutoa na mkato navyo vinakula nafasi. Ile −10,716667 inahitaji nafasi kumi, si nane. Urefu 12 na desimali 6 ni kipimo kizuri. Bunia ao Beni, kaskazini ya ikweta, latitudo haina alama ya kutoa, lakini longitudo ya huko pia inataka desimali zile zile. Wanaotumia mita za UTM (Kolwezi iko kanda ya 35 Kusini) wanakutana na namba za milioni nane na zaidi. Hapo usichague aina ya desimali fupi, inapoteza kila kitu kilicho chini ya mita. Chagua ile ndefu. Na tani za mawe ya shaba usiziweke katika namba kamili fupi: mwisho wake ni 32 767.

Ukweli ni kwamba nukta iliyochorwa haihami kwa sababu ya safu. Umbo linahifadhiwa pembeni, kwa ukamilifu. Kinachokatwa ni jedwali. Lakini jedwali ndilo linalotumwa kwa Excel, linachapishwa, linapelekwa kwenye mkutano na kampuni, na mtu mwingine anachora upya kutoka humo.

Mkato nao ni wa kuangalia. Kwa Kifaransa 84,955 ni themanini na nne na kitu. Ordinateri iliyopangwa kwa Kiingereza inaweza kuisoma elfu themanini na nne.

Safu iliyokwisha kukatwa haiponi kwa kuongeza nafasi: sufuri zitajaa, namba za kweli hazirudi. Kama umbo bado lipo, tengeneza safu mpya na uiambie programu ihesabu kuratibu upya. Kama limebaki jedwali tu, tafuta fishie ya kwanza iliyotoka kwenye GPS.